Maneno ya watu na jina la mwanamke anayefanya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Jumamosi asubuhi tunakaa kwenye ofisi ya kata, watu wanakuja na hati za viwanja, mirathi, talaka, mishahara isiyolipwa. Wanawake wengi huanza na hayo ya karatasi. Tukimaliza wanainuka, wanafika mlangoni, halafu wanarudi kukaa: "Dada, kuna na jingine." Hilo jingine ndilo ninalolijibu hapa. Nimeyaandika maswali kama ninavyoulizwa, na pale ambapo jibu nilijifunza kwa kuumia mwenyewe, nimesema.

Umbea, majungu, uzushi, kashfa. Si yote ni yale yale?

Hapana, na tofauti zake utazihitaji siku ya kujitetea. Umbea ni kuchukua habari za mtu na kuzipeleka zisikotakiwa, na habari yenyewe inaweza hata kuwa ya kweli. Kusengenya ni kumsema mtu asipokuwepo. Uzushi ni habari iliyotungwa. Majungu ni ya kazini zaidi: mtu anapika maneno akiwa na shabaha, mwenzake anyimwe safari, semina au cheo. Kashfa mbele ya sheria ni maneno ya uongo yanayokushushia heshima, yaliyofikishwa kwa mtu wa tatu. Vijana siku hizi wanayaita yote "ubuyu". Neno hilo linaniudhi, kwa sababu linafanya kitu kinachomla mtu kionekane ni cha kumung'unya tu.

Kwa nini anayesemwa zaidi ni mwanamke mwenye kazi?

Sikiliza maneno yenyewe. Mwanamume akinunua kiwanja Nala au Iyumbu, watu wanamuuliza amekipata kwa shilingi ngapi. Mwanamke akinunua, wanaulizana nani kamnunulia. Akipandishwa cheo, kuna mtu. Akijenga, kuna mtu. Akibadilisha simu, kuna mtu. Hakuna anayesema huyu dada ni mvivu au hajui kazi. Wanachosema ni kwamba kazi yake siyo inayomlipa.

Ndiyo maana siamini kwamba maneno haya yanahusu tabia, hata kama yamevaa nguo ya maadili. Yanahusu jasho. Yanachukua miaka yake ya kuamka saa kumi na moja alfajiri na kumkabidhi mwanaume ambaye mara nyingi hata hayupo. Nesi wa zamu ya usiku, mhudumu wa hoteli, mwalimu aliyehamia kijiji kisicho chake, afisa mwenye gari la ofisi: kila mmoja nimemsikia akielezwa kwa sentensi ile ile, limebadilishwa jina tu.

Mbona hapa Dodoma yamezidi? Au ni mimi tu ninayeona hivyo?

Sidhani ni wewe tu. Kuna sababu za mji wenyewe.

Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ulipitishwa 1973, lakini watumishi walianza kumiminika baada ya 2016, na Aprili 26, 2018 Dodoma ikawa jiji. Wengi tunazikumbuka tarehe hizo kwa majengo na barabara. Mimi nazikumbuka kwa begi na godoro. Nilihama na ofisi, mume akabaki Dar es Salaam kwa sababu kazi yake ilikuwa kule, watoto wakabaki kumaliza shule. Wanawake wa namna yangu walikuwa wengi. Tulipanga chumba na sebule Ilazo, Kisasa, Nkuhungu, Nzuguni, na kila mwisho wa mwezi tukapanda basi kwenda kuona familia.

Sasa jiweke nafasi ya jirani. Anaona mwanamke wa makamo, anaishi peke yake, anatoka asubuhi amependeza, anarudi giza limeingia, Ijumaa anaondoka na begi. Hamjui mama yake, hajui ukoo wake, hajui anasali wapi. Mtu asiyejulikana hujazwa maneno kama gunia tupu linavyojazwa pumba. Kijijini kwetu wangenisema pia, lakini pangekuwa na shangazi mmoja wa kusema, "Huyo namjua, acheni."

Ongeza msimu wa Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni. Gesti zinajaa, mikutano haiishi, na dada aliyepika na kugawa chakula cha wageni mia mbili anarudi nyumbani saa nne usiku kwenye bajaji. Watu wanaiona bajaji. Masufuria aliyosugua hawayaoni.

Treni ya umeme ilipoanza safari za huku mwaka 2024, baadhi yetu tulipata nafuu, maana waume walianza kuonekana mtaani. Ni nafuu ya kusikitisha kidogo, kwamba jina la mwanamke lilisafishwa na mume kuonekana dukani akinunua mkate.

Nisiwabebeshe wageni peke yao huruma hii. Mabinti wa hapa hapa, Wagogo waliosoma na kupata ofisi, wanasemwa na ndugu zao wenyewe, na hiyo inauma zaidi kwa sababu haina mlango wa kuhamia.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Si kweli?

Hii methali nimeisikia ikitolewa kama ushahidi kwenye vikao vya ndoa, na mara moja kwenye kikao cha nidhamu. Methali si shahidi. Haikuwepo pale gesti, haikuona gari, haijui tarehe.

Mtu akikutolea hiyo, muulize kwa upole mambo matatu: nani aliona kwa macho yake, siku gani, mahali gani. Nimefanya hivyo mara nyingi sana. Mnyororo huishia kwa "wanasema", na ukimtafuta huyo "wanasema" humpati. Wahenga walituachia pia "mdhaniaye ndiye siye", lakini sijawahi kuiona ikiletwa kwenye vikao hivyo.

Maneno ni maneno. Yanaweza kunigharimu fedha kweli?

Yalinigharimu kiwanja.

Mwaka 2020 nilikuwa karani kwenye ofisi moja na mwanachama wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama ishirini na watano. Tulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zilishikwa na akina mama watatu tofauti. Niliomba mkopo nilipie kiwanja nilichokuwa nimekitolea malipo ya awali. Fomu ilitaka wadhamini kutoka kundi langu la watu watano. Mama wa kwanza alikuwa ameshasaini wiki iliyopita. Siku ya kikao akaomba ile fomu, akaiweka juu ya paja, akachukua kalamu na kuikata sahihi yake kwa mistari miwili, taratibu, kama mtu anayerekebisha hesabu. Akasema, "Mume wangu amekataa, mdogo wangu, usinifikirie vibaya." Wa pili hakusema kitu, alirudisha kalamu tu.

Ilinichukua mwezi kujua kisa. Wiki mbili kabla ya kikao, basi la wafanyakazi lilikuwa limeniacha kule Mtumba, kwenye mji wa serikali. Ulikuwa ni ule msimu wa upepo, vumbi linakuingia hadi kwenye meno, na kutoka kule hadi mjini ni kama kilomita 17. Mzee mmoja wa ofisini, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alisimama akanipa lifti. Binti yake alikuwa amekaa kiti cha nyuma na begi la shule. Kwenye habari iliyofika kikobani, lifti ilikuwepo, mzee alikuwepo, mimi nilikuwepo. Binti hakuwepo.

Mwenye kiwanja alisubiri, kisha akauza kwa mtu mwingine.

Hivyo ndivyo maneno yanavyogeuka fedha, na mara nyingi huambiwi. Mwenye nyumba anasema mkataba hautaendelea kwa sababu "kuna ndugu anakuja". Aliyekuwa anakupa oda ya chakula anasema mwaka huu wameamua kubadilisha. Mwajiri mpya anapiga simu kwa wa zamani, anasikia kimya kirefu, anaita mwingine. Ukipoteza kazi kwa wizi unaambiwa ni wizi, na unaweza kujibu. Hapa unajibu nini?

Nimegundua leo kwamba nasemwa. Nianzie wapi?

Usiku huo usimpigie mtu simu. Najua mkono unawasha. Kaa, chukua daftari, andika: maneno yenyewe kama yalivyosemwa, kwa lugha ile ile hata kama ni machafu, nani alisema, kwa nani, wapi, lini, nani mwingine alikuwepo. Kama ni ujumbe wa simu, usiufute.

Kesho yake fikiria swali moja: kati ya wote wanaoweza kuyasikia haya, ni nani mwenye uwezo wa kunidhuru akiyaamini? Kwa mmoja ni bosi, kwa mwingine mama mkwe, kwa mwingine mweka hazina au mwenye nyumba. Mwendee huyo kabla maneno hayajakaa. Sema kwa ufupi: "Shikamoo mama. Nimesikia kuna maneno kwamba hivi na hivi. Si kweli. Siku hiyo nilikuwa mahali fulani. Ukiwa na swali lolote niulize mimi mwenyewe." Kisha nyamaza. Usilete mashahidi kumi, usilie, usimtaje unayemshuku. Maelezo marefu yanamfanya anayesikiliza aanze kutafuta kwa nini ni marefu.

Mimi sikufanya hivi. Niliwafuata wenzangu wote ishirini na wanne wa kikoba, mmoja mmoja, na wale ambao walikuwa hawajasikia walisikia kutoka kwangu.

Kwa nini nisikae kimya tu? Wazee wanasema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.

Wazee wako sawa kwa maneno ya watu wasio na ufunguo wa kitu chako chochote. Majirani wa mtaa wa tatu, waache. Lakini yakishafika kwenye meza inayoamua mshahara wako, mkopo wako au ndoa yako, hizo siyo kelele za mlango tena, mtu ameshaingia ndani. Hapo kimya chako kitatafsiriwa, na hutaulizwa kama tafsiri ni sahihi.

Aliyeniletea habari ni shoga yangu wa karibu. Nimwamini?

Mshukuru, kisha muulize: "Walipokuwa wanasema, wewe ulijibu nini?" Jibu lake litakueleza kama ulikuwa na mtetezi pale au ulikuwa na msikilizaji mmoja zaidi.

Ninanunua mahindi Kibaigwa na ninasafiri na mzigo usiku, dereva na utingo ni wanaume. Maneno yamenichosha. Niache?

Usiache. Naandika hili kwa uzito wote nilio nao. Ukiacha biashara kwa sababu ya maneno, watu watasema yule mwanaume amemwacha ndiyo maana hana mtaji.

Yako mambo yanayosaidia. Akina mama wengi wa soko lile husafiri wawili wawili, na hiyo ni kwa usalama kwanza, jina baadaye. Acha nyumbani namba ya gari na namba ya simu ya dereva. Weka daftari la mizigo: magunia mangapi, uzito, ushuru, nauli, bei. Mtu akikuuliza fedha imetoka wapi, unalo la kumfunulia.

Dada mmoja niliyemsaidia alifanya kitu ambacho nakipenda hadi leo. Mama mkwe wake alikuwa ameshaambiwa mengi. Basi akamwomba: "Mama, twende wote safari moja, unisaidie kuhesabu." Wakatoka alfajiri. Yule mama alikaa sokoni kutwa nzima kwenye kivuli cha gari, akiona mkwewe anabishana mizani, anachoma gunia kwa kibambo kukagua mahindi, anakohoa vumbi, anakula mhogo mmoja tangu asubuhi. Walirudi saa saba usiku. Tangu siku ile, mtu akianza maneno, mama mkwe ndiye anayejibu, na ana majibu makali kuliko ya wakili.

Na lifti? Nikatae kupanda gari la mwanaume?

Panda kama unamwamini dereva na unahitaji kufika. Baada ya yaliyonikuta niliacha lifti kwa miaka miwili, nikawa nafika nyumbani usiku zaidi kuliko zamani, na maneno hayakupungua hata moja.

Nimesemwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Naweza kufanya nini?

Hapa una nguvu zaidi kuliko kwenye maneno ya mdomo, kwa sababu yameandikwa. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, siyo jina tu ulilolihifadhi wewe. Voisi noti usizifute. Ujumbe wa asili ubaki kwenye simu, na simu usiiuze wala kuibadilisha mpaka jambo liishe. Kabla hujatoka kwenye kundi kwa hasira, hakikisha umeshachukua ushahidi wako.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inagusa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo kwa nia ya kumkashifu au kumtukana mtu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinahusu kumwandama mtu kwa ujumbe ili kumtisha au kumtesa moyo. Unaripoti polisi, unaandikiwa namba ya taarifa, unaitunza. Na anayesambaza asijifiche nyuma ya "nimeforwadi tu": naye amechapisha.

Kabla ya polisi, mimi hupendekeza kumwandikia admini faragha, kwa adabu, afute na aandike kwenye kundi kwamba amefuta na kwa nini. Wengi hufanya hivyo ndani ya saa moja, wakiogopa. Ikiwa ni picha za utupu au vitisho, ruka hatua hii. Nenda polisi moja kwa moja, uliza dawati la jinsia.

Bosi ameyasikia na ameanza kunibadilikia. Wengine tumeshafukuzwa.

Kwa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kukuachisha. "Watu wanasema" siyo sababu halali. Lazima uelezwe tuhuma, upewe muda wa kujiandaa, usikilizwe. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinakataza ubaguzi kwa jinsia, hali ya ndoa na ujauzito, na kinahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi.

Ukiachishwa, una siku 30 kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1. Migogoro mingine ni siku 60. Hizo siku hazingojei, na nimewaona akina dada wakizimaliza wakisubiri bosi atulie. Mtumishi wa umma njia yake ni nyingine: unaanza na mamlaka yako ya nidhamu, kisha rufaa Tume ya Utumishi wa Umma.

Ukiondoka kwa namna yoyote, dai cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria, na ni karatasi inayosema ulifanya kazi gani na kwa muda gani bila kutegemea simu ya mtu.

Wanasema nimepata cheo kwa kulala na mkubwa.

Kuna mambo mawili hapa, na naomba tusiyachanganye.

La kwanza, ni uongo. Basi vaa vyeti vyako. Simaanishi uvibandike ukutani, namaanisha kazi yako ionekane kwa maandishi: taarifa zenye jina lako, tathmini zako za utendaji, barua ya uteuzi inayotaja sifa. Ukiongoza kikao, andika muhtasari mwenyewe. Kazi isiyo na jina hupewa mwingine kirahisi. Na mkubwa wako ana wajibu wa kusema hadharani kwa nini alikuchagua. Wengi hukaa kimya wakidhani wanakulinda, kumbe kimya chao ndicho kinachokumaliza. Mwambie hivyo.

La pili, na hili linaniuma: wakati mwingine kuna ukweli ndani yake, ila umegeuzwa. Mwanamke alidaiwa ngono ndipo apate haki yake, akiwa na watoto wa kulisha, na mtaa ukamwita yeye malaya. Hiyo ni rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamshika mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake kudai ngono kama sharti la ajira, cheo au haki nyingine. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapatikana kwa namba 113, bure. Anayepaswa kuona aibu katika habari hiyo anatajwa mara chache sana, na kwa heshima zote: "mheshimiwa", "bosi", "mzee".

Naweza kumshtaki mtu kwa kunichafulia jina?

Unaweza, kwa kesi ya madai. Katiba yenyewe, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi, na ibara ya 30 inataja ulinzi wa sifa za watu. Utahitaji kuthibitisha kwamba maneno yalisemwa, yalikuhusu wewe, yalimfikia mtu mwingine na yalikushushia heshima. Mahakama itataka maneno yenyewe, neno kwa neno. Ndiyo maana nilisisitiza daftari. Kama maneno ni ya kweli, mshtakiwa ana utetezi. Na usikae nayo miaka, sheria ina ukomo wa muda.

Nitasema ninavyoona. Maneno ya mdomo bila shahidi aliye tayari kusimama ni kesi ngumu, na kesi inachukua muda na fedha. Kinachofanya kazi mara nyingi zaidi ni barua moja nzuri ya wakili inayodai kuombwa radhi ndani ya siku kadhaa. Mtu aliyezoea kusema kibarazani hushtuka akiona jina lake limepigwa chapa. Huna fedha ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakuruhusu kupata msaada bure, na tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani. Anza kwa kuulizia ofisi ya kata au ustawi wa jamii.

Mume wangu yuko Dar, ameambiwa. Ameanza kuniuliza maswali kwa simu.

Yajibu, hata yakiwa ya kuudhi, na uombe mmalizie ana kwa ana. Simu haionyeshi uso. Jambo moja nililifanya nikiwa nimechelewa: nilimkutanisha mume wangu na watu wangu wa Dodoma, mwenye nyumba, mama wa dukani, kiongozi wa jumuiya. Akapata namba zao, wakapata yake. Baada ya hapo mtu akimpigia na maneno, naye alikuwa na mtu wa kumuuliza. Kama nyote ni watumishi wa umma, ombeni uhamisho wa kumfuata mwenza, na msikate tamaa kwa jibu la kwanza.

Ni mjamzito, sijaolewa, na ofisi nzima inajadili ni ya nani.

Likizo yako ya uzazi ni siku 84, au 100 ukijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Sheria haiulizi pete. Hilo swali lao huna deni nalo.

Niwajibu kwa kanga au kwa stetasi?

Kanga ni lugha yetu na sitaidharau. Kuna ile inayosema "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", imewapa wanawake wengi ujasiri wa kupita mbele ya kijiwe. Vaa, upite. Stetasi sikushauri. Fumbo la stetasi linasomwa na watu mia ambao halikuwahusu, kila mmoja anadhani ni lake, na kesho yake una ugomvi kumi badala ya mmoja.

Wakibanwa wanasema ni utani.

Mkoa huu tunaujua utani vizuri, wa makabila na wa mabinamu. Mtani anakuambia usoni, na wewe unamrudishia, na msiba ukitokea yeye ndiye anakuja kukuchekesha na kuchimba kaburi. Anayekusema ukiwa haupo, asiyetaka umjibu, ametumia jina la utani tu.

Nipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, au kwa shehe na mchungaji?

Inategemea nani anaheshimiwa na aliyekusema. Mwenyekiti au balozi wa nyumba kumi anaweza kuwaita wote wawili na kuandika mlivyokubaliana, dai nakala. Kwa watu wa dini, nimeona mambo yakiisha huko haraka kuliko kwingine. Kwa Waislamu, Suratun Nur aya ya 4 inamtaka anayemtuhumu mwanamke mtwaharifu alete mashahidi wanne. Kwa Wakristo, Mathayo 18:15 inasema ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye ninyi wawili peke yenu. Shehe au mchungaji anayeyafundisha hayo atakusaidia. Ila angalia asilitangaze jambo lako kwenye mahubiri, hata bila kukutaja. Watu watakutaja wao.

Mimi ndiye niliyesema. Sasa nimejua si kweli. Nifanyeje?

Swali hili naulizwa mara chache, na kila nikiulizwa ninamheshimu anayeuliza.

Kumwomba radhi yeye peke yake, kwa siri, hakutoshi. Utapata usingizi wewe, yeye ataendelea kukosa wadhamini. Rudi ulikosemea. Kama ulisema saluni, rudi saluni. Kama ulituma kwenye kundi, andika kwenye kundi lile lile, kwa maneno ya wazi: "Nilisema hivi kuhusu fulani. Sikuona. Nilikosea." Usiongeze "lakini". Usieleze nani alikuambia, maana hapo utakuwa umeanza habari mpya. Na kabla ya kufanya hivyo mwulize mhusika kama anataka, kwa sababu kuna wengine ambao maneno yameshawapitia na hawataki yafufuliwe.

Aliyenisema mimi alikuwa jirani yangu, nyumba ya pili. Alikuja mwaka mmoja na nusu baadaye, jioni, na bakuli la zabibu alilolifunika kwa kitambaa. Akaniambia ni yeye, na kwamba binti wa yule mzee alikuwa amemaliza kidato cha nne na ndiye aliyemweleza, bila hata kujua, siku ile walivyonipa lifti. Nikamwambia sitaki zabibu, nataka aje Jumapili kikobani.

Akaja. Alisimama kabla sanduku halijafunguliwa, mikono imeshika kanga kifuani, akasema kila kitu, pamoja na binti kwenye kiti cha nyuma. Yule mama aliyekata sahihi aliinamisha uso. Wengine wawili watatu waliniangalia. Wengi waliangalia madaftari yao. Hakuna aliyepiga makofi na hakuna aliyeniomba radhi siku hiyo. Wenye funguo wakafungua kufuli zao tatu, mweka hazina akaanza kuita majina, na lilipofika langu nikanunua hisa tatu.